Jogoo Ndani ya Kofia

Jumatatu, tarehe 3

Nina miaka sabini na sita. Nimezika mke mmoja, redio nne na mabosi sita, na wote sita walisema sitafika mbali. Mabomba niliyofunga bado yanatoa maji. Mtihani wa Kiingereza wa darasa la watu wazima hauniwezi. Ila daftari nimelifungua mara nne tangu asubuhi.

Mwalimu, binti mdogo kuliko koti langu, kasema Ijumaa tutaulizwa maneno ya kiume na ya kike. Jogoo ana lake, kuku jike lake. Mpwa wa kiume lake, wa kike lake. Sisi mpwa ni mpwa, avae sketi avae suruali, na hatujapoteza hata mmoja. Atakayeongoza atatoa hotuba Jumamosi mbele ya wageni. Mke wa mwanangu nilishamwambia zamani kwamba ni mimi. Kaalika ukoo wao mzima.

Jumanne, tarehe 4

Mshonaji, yule mama mjane wa dawati la mbele, kataja maneno ishirini bila kumeza mate. Kaniuliza, Fundi, wewe umefikisha mangapi? Nikamjibu mtu mzima hahesabu. Nilikuwa nimekariri saba. Hadi namaliza kuoga yamebaki mawili.

Alhamisi, tarehe 6

Mkwe kapiga suti pasi. Kasema baba yake atakaa mstari wa mbele. Sikula.

Akili ni nywele, na mimi nina upara, basi nikatumia kofia. Nimeandika maneno yote ndani yake kwa wino. La mwisho ni la mwanamume aliyefiwa na mke. Hapo kalamu ilisimama kidogo. Wino hafifu, nadhani.

Ijumaa, tarehe 7

Bati juu yetu, jua juu ya bati. Jasho. Nikavua kofia kama mtu wa kujipepea, nikachungulia ndani. Ukungu wa buluu mtupu. Kuinua macho, darasa zima linanitazama usoni, wengine wameshika mbavu. Mshonaji kanipa kitambaa chake. Kasema, futa, Fundi, jogoo keshafika kwenye nyusi.

Mwalimu hakunifukuza. Kasema ananipa neno moja la kujiokoa: aliyefiwa na mke anaitwaje? Hilo nililijua bila kofia. Nikakunja kitambaa badala ya kulisema. Mshonaji akalisema yeye, polepole, bila kunyoosha mkono. Mtaani kwetu mgane halisemwi: mimi mjane na yeye mjane, neno moja, benchi moja. Kiingereza kimetugawia vyumba.

Jumamosi, tarehe 8

Hotuba katoa mshonaji. Nikamweleza baba wa mke wa mwanangu kwamba nimempisha mama wa watu kwa uungwana. Mzee akalitazama paji langu la buluu, akasema naam, uungwana unaonekana. Sabuni tatu hazijasaidia.

Mwenye makosa ni wino. Muhula ujao ni penseli, tena ndani ya kiatu. Miguu ya mzee nani anaitazama? Mshonaji kasema tukae dawati moja anifundishe. Nimemwambia sihitaji kufundishwa na mtu. Kukaa tu ndiko nimekubali.

Asiyeamini haya amwulize yeye. Kitambaa chake ninacho mimi, na sina haraka ya kukirudisha.