Ombi la Kurudisha Hongera

Kwa Daktari Mkuu,
Kliniki ya Uzito, ghorofa ya tatu.

Ndugu Daktari Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba umeshapumua baada ya kupanda ngazi. Mimi ni mpima magunia katika ghala la nafaka, na ni mume wa marehemu fundi cherehani ambaye picha yake mmeibandika ukutani, karibu na dirisha la dawa. Ninaandika kwa heshima zote kurudisha hongera mliyompa. Cheti nimekiambatanisha, hakijakunjwa. Nanyi naomba muiteremshe picha. Sababu zangu ni hizi:

1. Kwa miaka tisa mke wangu aliwaletea magonjwa ya kila namna, nanyi mkampa dawa moja. Alikuja na goti, akaambiwa apunguze uzito. Alikuja na jino, akaambiwa apunguze uzito. Alipokuja na sikio nilimsindikiza mwenyewe, nipate kujua sikio lina kilo ngapi. Muuguzi wa zamu akanijibu, "Baba, mwili ni mmoja." Nikakubali, maana sikusoma sana.

2. Mkatuletea mtafiti. Alikuwa mpole, ana miwani, akakaa sebuleni kwetu na maswali themanini na mawili kuhusu chanzo cha unene. Mke wangu akamweleza kwamba mama yake alikuwa hivyo, bibi yake hivyo, na shangazi zake watatu hivyo. Na kwamba hata mwaka wa njaa bibi hakupungua, mpaka majirani wakamshuku kuwa anaficha unga. Mtafiti alisema hilo linavutia sana, ila fomu haina nafasi yake. Kwenye chanzo akaandika: soda. Daktari, sisi hatunywi soda. Aliyekunywa ni yeye, ile tuliyomnunulia kwa kuwa ni mgeni.

3. Mizani yenu inaishia kilo mia na ishirini. Mshale ulipogonga mwisho, mkamwandikia karatasi akapimwe ghalani. Basi nikampima mke wangu kati ya gunia la mahindi na gunia la maharage, wachukuzi wakiwa wamegeuza nyuso kwa adabu. Naye akasimama wima juu ya bamba la mizani akasema, "Mpima, niandike daraja la kwanza. Na usinipange chini, nitaingia unyevu." Wachukuzi walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Tangu siku hiyo, kila mwisho wa mwezi nilimpima mimi, na karatasi nikaileta kwenu.

4. Viti vyenu vya kungojea vina mikono, na mikono ile haikutengenezwa kwa ajili yake. Alingoja akiwa amesimama. Hili ni dogo, nimeliandika kwa sababu miguu ilimuuma.

5. Mwaka jana alianza kupungua. Kilo ishirini na sita kwa miezi minne. Hakukataa chakula, chakula ndicho kilichomkataa. Magauni yake aliyabana mwenyewe kwenye cherehani, mara tatu, pini mdomoni. Aliwaambia tumbo linamuuma upande wa kulia na hasikii njaa. Mkasema ndiyo nidhamu hiyo, imeanza kuingia. Mkamvalisha utepe, mkampiga picha, mkampa cheti cha Mgonjwa wa Mfano, mkamwambia aendelee vivyo hivyo. Akaendelea. Wiki ya saba baada ya cheti tulimzika.

Ndugu Daktari, ghalani kwetu gunia likipungua hata kilo mbili bila mtu kuligusa, hatulipongezi. Tunalifungua. Tunatafuta fukusi, tunatafuta tundu la panya. Hata mchukuzi aliyeanza kazi asubuhi anajua kwamba mizani inasema gunia lina kilo ngapi, haisemi ndani kuna nini. Gunia la mahindi, lisilo na mume, linapata kwetu uangalizi ambao mke wangu hakuupata kwenu.

Kwa hiyo naomba cheti kipokelewe na kufutwa. Naomba pia mizani ipandishwe cheo iwe daktari, ivalishwe koti jeupe, kwa kuwa kazi yote inafanya peke yake. Madaktari watakaobaki bila kazi waje ghalani mwezi mmoja, tuwafundishe kufungua magunia. Chai ipo, na viti vyetu havina mikono. Na picha iteremshwe, kwa sababu wagonjwa wanaoitazama wanadhani ni dawa.

Nisalimie muuguzi wa zamu na mama wa dirisha la dawa. Nisalimie sana mfagiaji, ambaye siku moja aligeuza ndoo yake ili mke wangu akalie. Mtafiti mwambie soda nyingine ipo.

Ni mimi, kwa utii na kwa kilo kamili,

Mpima Magunia

Baada ya sahihi: Nimepanda ngazi leo kuileta barua hii, na maneno haya nayaandikia hapa mapokezi. Nimesimama mbele ya ile picha. Mke wangu hakupenda picha. Nyumbani tunazo kumi na mbili, na katika zote amejificha: nyuma ya dada yake, nyuma ya mlango, nyuma ya cherehani. Hii yenu ndiyo pekee ambamo anaonekana mzima, kuanzia kilemba hadi viatu, na anacheka. Pembeni kulia kuna mikono miwili inayompigia makofi, imekatwa na ukingo wa picha juu kidogo ya vifundo. Saa iliyo kwenye mmoja, yenye mkanda ulioshonwa kwa uzi wa cherehani, ni yangu. Naomba picha ibaki. Nitakuwa ninakuja kila Alhamisi kuitazama. Kiti msihangaike, nitasimama.