Magodoro Kumi na Mawili na Migongo ya Kibugu

Ireri aliikuta bahati yake ukutani, imebandikwa kwa vipande vinne vya selotepu.

Alikuwa amekwenda hospitali moja ya Embu kumjulia hali shangazi yake, akamkuta amelala. Ireri si mtu wa kukaa bure. Alisoma kila kilichokuwa ukutani: saa za kuona wagonjwa, onyo kwa wanaotema mate, na mwishowe tangazo refu la utafiti. Wataalamu walitafuta watu wenye maumivu sugu ya mgongo, mabega na magoti, ili wajue kama yanaweza kupunguzwa bila dawa: kwa mazoezi, kwa kutembea, kwa kukandwa maji moto, kwa kubadilisha namna ya kubeba mizigo na namna ya kulala. Watu wangegawanywa makundi mawili, kisha makundi yalinganishwe.

Neno "kulala" Ireri alilisoma mara mbili.

Inafaa msomaji ajue kwamba Ireri alikuwa na shida ya kulala, ingawa si usingizi wake mwenyewe. Alikuwa amekodi nyumba ya vyumba kumi na viwili mtaa wa Majimbo, hapohapo Embu mjini, akaipaka rangi ya maziwa, akaandika juu ya mlango "Gesti ya Utulivu", na akapata vitanda kumi na viwili kutoka bweni la shule iliyofungwa. Wazee kumi na wawili wa Kianjai walikuwa tayari wametuma malipo ya kushika vyumba. Wangefika Ijumaa, wiki tano baadaye, walale, na Jumamosi wapeleke mahari kwa wakwe zao. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa magodoro. Ireri angeweza kuyanunua, lakini kwake kununua kitu ambacho mtu anaweza kupewa ni uvivu wa akili.

Akalipiga tangazo picha, akaondoka. Shangazi aliamka akakuta ndizi mbili.

Siku ya tatu alikuwa Meru mjini, ndani ya duka la magodoro la Shueib, amevaa koti jeupe. Koti lilikuwa la rafiki yake muuza nyama, mwenye buchari, na lilikuwa limefuliwa mara mbili.

Shueib alikuwa mfanyabiashara mchangamfu mwenye huzuni moja. Alikuwa ameleta shehena ya magodoro magumu, na hayakuwa yakitoka.

"Mtu anaingia, anabonyeza na kidole, anasema hii ni mbao," alisema. "Halafu anaenda kununua lile la kudidimia kama uji."

"Hiyo mbao ndiyo dawa ya mgongo, ndugu yangu," alisema Ireri. "Shida ni moja. Hujathibitisha."

"Nithibitishe vipi?"

"Kwa utafiti. Nipe magodoro kumi na mawili. Kule Kibugu nina wamama ishirini na wanne wanaochuma chai, migongo yote imekwisha. Nusu watalala juu ya haya kwa wiki nne. Nusu hawatalala."

"Hao wengine hawatalala kabisa?" aliuliza Sahra, dada yake Shueib, ambaye alikuwa kwenye kaunta akiandika risiti na hakuinua kichwa.

"Watalala walivyozoea, dada. Ndiyo tupate kulinganisha."

"Na magodoro yetu yatarudi lini?"

Ireri alishusha sauti kama mtu anayetoa habari za msiba. "Hayarudi. Yanaenda maabara Nairobi, yanapasuliwa, sponji inapimwa. Sayansi haina huruma."

Shueib hakusikia habari ya kupasuliwa. Alikuwa ameshaanza kuona kibao kipya juu ya duka, herufi nyekundu: YAMEFANYIWA UTAFITI. Sahra alisema tu kwamba angependa kuona matokeo kabla rangi haijanunuliwa.

Mtu mwingine angeshukuru hapo na kwenda zake. Ireri aliomba pia lori la kuyapeleka Kibugu, na lori hilohilo liyachukue siku ya mwisho liyapeleke maabara. Akapewa.

Wamama wa Kibugu aliwajua kwa kusikia. Walikuwa na kikundi cha zamu: leo wote wanachuma majani shambani kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka mzunguko ufike kwa kila mmoja. Kiongozi wao alikuwa Ednah, mwanamke mpole wa miaka hamsini na mbili, ambaye kwa miaka miwili hakuwa ameweza kusimama wima kabla ya saa nne asubuhi. Vidonge vilikuwa vimemchoma tumbo mpaka akaviacha. Mwenye mgongo mbaya zaidi ya huo angetoka kwenye zamu, na anayetoka kwenye zamu majani yake yanakomaa shambani bila wa kuyachuma. Ednah aliliwaza jambo hilo kila alipofunga kikapu.

Lori liliposhusha magodoro Kibugu, kura ikapigwa. Ednah akaangukia kundi lisilo na godoro.

"Na sisi tutafanya nini, daktari?" aliuliza.

Ireri hakuwa amewafikiria. Akatoa simu, akafungua picha ya tangazo. "Nyinyi mtajinyoosha dakika kumi kila asubuhi. Mtatembea nusu saa bila mzigo. Jioni, maji moto."

"Kutembea bila mzigo, kwenda wapi?" aliuliza Purity, mdogo wao kwa umri.

"Popote."

"Nitembee tu barabarani, mikono mitupu, siendi mahali? Watu watasema nimeachwa."

"Tembeeni wawili wawili," alisema Ednah. "Watasema tumeachwa pamoja." Kisha akamgeukia Ireri. "Kila asubuhi nitamuuliza kila mtu uchungu ni ngapi kwa kumi, niandike."

"Kila asubuhi si lazima, mama. Mara moja inatosha."

"Majani tunapima kila siku. Mgongo una kosa gani?"

Ireri alicheka, akampa kalamu yake, akarudi Majimbo kuandika nambari kwenye milango.

Ijumaa ya kuchukua magodoro ilipofika, alifika kituo cha kununulia majani saa tano asubuhi, koti limepigwa pasi. Magodoro yote kumi na mawili yalikuwa yamepangwa kibandani, safi kabisa. Jana yake alikuwa amempigia simu dereva wa lori, kijana mmoja aitwaye Nuh, akamwambia kwamba kabla ya Nairobi wangepitia Majimbo kidogo, kwenye nyumba ya rangi ya maziwa.

Lori lilikuja, turubai limefungwa vizuri. Akashuka Nuh. Nyuma yake akashuka Sahra, halafu Shueib, amevaa kanzu ya sherehe.

"Tumekuja kusikia matokeo," alisema Shueib kwa furaha.

"Na Nuh anatuambia maabara imehamia Majimbo," alisema Sahra.

"Ni stoo," alisema Ireri. "Stoo ya muda."

"Hongera," alisema Sahra. "Vyumba vingapi?"

Kabla Ireri hajajibu, Ednah alifungua daftari. Alisoma polepole, bila kuinua sauti. Kundi la magodoro lilikuwa limeanza na uchungu wa saba kwa kumi, likafika sita. Kundi la kutembea na kujinyoosha lilikuwa limeanza na saba, likafika nne. Yeye mwenyewe alianza na nane, akafika tatu.

"Na leo nimeamka nikasimama," aliongeza. "Papo hapo, sikushika ukuta."

Shueib aliketi juu ya godoro lake. Kibao kilikuwa kinashuka kichwani mwake, herufi moja baada ya nyingine.

Ireri akamwinamia sikioni. "Tunabadilisha majina ya makundi tu. La godoro linakuwa nne, la kutembea linakuwa sita. Nani atajua?"

Ni haki kusema kwamba Shueib alifikiria. Alifikiria mpaka Ireri akarudia kwa sauti zaidi, na Ednah akasikia.

"Daktari," alisema Ednah, "mimi nimetembea barabarani siku ishirini na nane bila kwenda mahali. Nimechekwa mpaka na watoto wa Sunday school. Hizo namba hazibadilishwi."

"Hazibadilishwi," alisema Shueib, na uso wake ukawa mwekundu kidogo.

"Basi tumemaliza," alisema Ireri, akipiga makofi kama mtu anayefunga mkutano. "Tupakie, maabara wanasubiri."

"Hatujamaliza," alisema Ednah. "Kumi na wawili wamelalia magodoro, kumi na wawili hatujalalia. Hapa zamu haivunjwi katikati. Sasa yanakuja kwetu, na wenzetu waanze kutembea."

"Lakini utafiti hauendi hivyo, mama."

"Wetu unaenda hivyo. Labda kutembea pamoja na godoro ni mbili. Labda ni nne ileile. Wewe unajua?"

Shueib aliinua kichwa. "Inaweza kuwa mbili?"

"Ndiyo maana tunapima," alisema Ednah.

"Yakae," alisema Shueib. "Mwezi mwingine. Mnaonaje?"

Wamama waliona vizuri. Walianza kuyabeba kabla hajamaliza kusema, wawili wawili kwa kila godoro, migongo imenyooka. Ireri aliyatazama yakipanda njia ya mashambani, moja, mawili, matano, na kila neno la kuyazuia lingekuwa ungamo.

Simu yake ikalia. Aliyepiga alikuwa mzee wa Kianjai, mwenye sauti isiyohitaji simu.

"Tumefika Chuka! Tunanunua ndizi! Vitanda viko tayari?"

"Viko tayari, mzee," alisema Ireri.

"Magodoro yasiwe ya kudidimia! Mimi mgongo wangu ni mbaya!"

Kibanda kizima kilikuwa kimesikia. Sahra alimwashiria Nuh, na Nuh akafungua turubai la lori. Ndani yalikuwa magodoro kumi na mawili magumu, bado yako kwenye nailoni.

"Nilifikiri huenda mtu akayahitaji," alisema Sahra. "Bei ni ya duka."

"Si unipunguzie, dada. Mimi ni mtafiti wenu."

"Ningepunguza kama yangekuwa yameshindwa. Umesikia mwenyewe, yametoka saba mpaka sita."

Ireri alilipa kwa simu. Pesa za wazee wa Kianjai ziliondoka zote, pamoja na zake kidogo zilizokuwa zimejificha nyuma yake. Sahra alimwandikia risiti hapohapo, akaipuliza wino ukauke.

Lori lilimfikisha Majimbo, lakini Nuh alieleza kwa adabu kwamba kazi yake ni kuendesha. Vyumba vilikuwa ghorofani. Ireri alipanda ngazi mara kumi na mbili na godoro gumu kichwani, na mara ya kumi na mbili kitu fulani kiunoni mwake kilisema neno fupi. Wazee walifika, wakabonyeza magodoro kwa vidole, wakayasifu, wakalala kama waliolipwa. Mwenye gesti alilala sakafuni mapokezi, juu ya koti la buchari.

Jumanne asubuhi Ednah alikuwa kituoni akiuliza watu namba zao alipomwona mtu akipanda kilima taratibu, amejikunja kama ndoano, hana koti. Alimsubiri mpaka afike. Hakumcheka, wala hakumuuliza amefikaje huko. Alifungua ukurasa mpya.

"Mtu wa ishirini na tano," alisema. "Uchungu ni ngapi kwa kumi?"

"Tisa, mama. Wallahi tisa," alisema Ireri, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alikuwa anasema kweli tupu.

Ednah akaandika saba.

"Mama, nimesema tisa."

"Nimesikia." Alionyesha mzani, ambapo karani alikuwa akipima majani yaliyoletwa yakiwa na umande na kukata kilo mbili kwenye kila gunia, bila ugomvi na bila kumwangalia mtu. "Mbili ni za maji. Haya, lala hapo chini tuanze kujinyoosha."