Ndege ya Majini Chumbani kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 16 Julai 2007

Imekamilika! Miezi minane ya mbao nyembamba, gundi na vitabu vya maktaba. Mfano wa ndege ya kivita ya jeshi la majini la Italia, 1917. Rubani mmoja, tumbo ni mashua kabisa. Magurudumu hamna. Inaruka kutoka majini, inarudi majini. Injini iko nyuma ya kisogo cha rubani, kwa hiyo akianguka vibaya, injini inamfuata kumalizia. Nimeipenda kwa hilo.

Jumamosi ni pikiniki ya Watanzania na Wakenya wa huku Minnesota, ziwani. Nahashon, nesi Mkenya wa mtaa wa Eagan anayejua kila kitu, alinitangazia mbele ya watu: "Wee Gaudens, hiyo si ndege, ni karai!" Tukawekeana dau. Nikiirusha kutoka majini, yeye anavaa jezi ya Taifa Stars mwaka mzima, kila sherehe. Nisipoirusha, mimi navaa ya Harambee Stars. Mwaka mzima! Mimi, mtu wa Bukoba!

Tatizo dogo. Mke wangu Ernestina aliniamuru nitoe takataka zangu chumba cha chini, mama yake anakuja Alhamisi. Nilimwambia nimeshatoa. Iko nyuma ya tangi la maji moto, imefunikwa shuka, rimoti tumboni. Nitaihamisha Jumatano.

Jumanne, 17 Julai

Mama mkwe amefika leo. Ernestina anasema alisema Jumanne mara nne. Nimerudi kazini, mama keshalala. Chini.

Mkwe haingii chumba cha mama mkwe. Nimeshavunja sheria kadhaa za Minnesota, hasa za maegesho, lakini hii siiwezi. Nikimwomba Ernestina aitoe, nitakuwa nimekiri uongo. Bora niteseke kwa akili.

Jumatano, 18 Julai

Kidirisha cha chumba kiko usawa wa majani. Nikalala kifudifudi juu ya maua ya Ernestina, mkononi ndoana ya kuvulia samaki, niivue ndege. Pazia likafunguka. Mama! Nikamwamkia nikiwa vile vile kifudifudi. Akaitikia marahaba baba, akauliza kama nimeanguka. Nikasema napalilia. Akamwita binti yake aje aone mwanamume anayepalilia.

Nimepalilia hadi saa mbili usiku. Julai huku jua halina haraka ya kuzama.

Alhamisi, 19 Julai

Mpango mpya: Abdulkarim, rafiki yangu wa Richfield. Yeye si mkwe wa mtu hapa. Aje kama fundi wa tangi, atoke na ndege ndani ya shuka. Rahisi.

Kakaa humo saa nzima na nusu. Kanywa chai, kala ndizi, kapewa habari zote za Muleba, kwao mama. Katoka mikono mitupu. Anasema mama alimkazia macho, ikabidi afungue tangi kweli.

Hatuna maji ya moto.

Ijumaa, 20 Julai

Chakula cha usiku. Mama husema nami kupitia Ernestina, ingawa tunagusana viwiko. Ernestina akasema mama anauliza ile mashua yenye mabawa ni ya nani. Akanitazama. Jicho lile!

Kinywa changu kikanitangulia. Kikasema ni zawadi ya mama.

Mama akapiga vigelegele. Ernestina akala wali polepole sana.

Jumamosi, 21 Julai

Mama kaja ziwani na zawadi yake, kaipakata kama mjukuu. Kwenye kiti cha rubani kaweka miwani yake. Nifanyeje? Nimnyang'anye mkwe?

Nahashon hana mkwe wala haya. Akambebea kiti, akamtafutia kivuli, akamwita mama mara ishirini, akaomba airushe kidogo tu. Akapewa! Na rimoti!

Ikakata maji, ikanyanyuka, ikazunguka ziwa lote, ikatua kama bata. Watu wakasimama. Nilikuwa karibu kulia, ni nzuri mno.

Nikadai jezi. Kemunto, mwenyekiti wa Wakenya, akaamua: ndege ni ya mama, mrushaji ni Nahashon, na Gaudens leo hakurusha hata jiwe. Harambee Stars, saizi kubwa. Nahashon alikuwa nayo garini.

Jumapili, 22 Julai

Misa nikiwa na jezi. Padri kasema karibuni ndugu zetu kutoka Kenya.

Katikati ya mahubiri nimeelewa kosa langu. Si uongo. Ni Italia! Kitabu kinasema Waitaliano wenyewe walianza kwa kuteka ndege ya Waaustria na kuinakili. Basi naunda ya Waaustria. Nahashon kakubali marudio mwezi wa tisa: nikishindwa, miaka miwili.

Ernestina kaniuliza nachora nini nyuma ya karatasi ya nyimbo. Nimesema rafu za jikoni, za mama. Mama kafurahi, anazitaka Jumatano.

Ernestina kaangalia tena mchoro. Kauliza mbona rafu ina pangaboi.

Nimesema la kupoza wali.