Profesa wa Mafuta ya Mgando

Jina la Profesa alijipa mwenyewe, na koti jeupe aliliokota kwenye rundo la mitumba pamoja na doa lake la wino. Miwani yake ilikuwa kioo cha kawaida. Elimu yake yote kuhusu ngozi ilikuwa hii: kwamba anayo. Wapo maprofesa wenye pungufu ya hapo, na wanaitwa kwenye mikutano.

Siku bahati ilipomwita alikuwa kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa upande mmoja tu. Kati ya kinyozi na saluni ya wanawake palikuwa na pazia, na nyuma ya pazia mama mmoja alikuwa akilalamika.

"Kopo hili nimelinunua kwa pesa ya maana, halafu maandishi yake hata kuyatamka siwezi."

"Si unajipaka tu, mwenzangu?" msusi akamjibu. "Kwani vidonge unavyomeza huwa unavisoma?"

Masikio ya Profesa yakasimama. Watu wanalipa ghali kwa kitu wasichokielewa, na wanakiri kwa sauti! Kwa mtu wa kazi yake ilikuwa sawa na kukuta geti liko wazi na mlinzi kaenda kunywa chai. Akainuka na nusu ya nywele zake, akafungua pazia.

"Samahani, dada zangu. Nimesikia kilio, na sisi watu wa maabara tukisikia kilio hatuwezi kunyamaza."

"Maabara gani?" msusi akauliza.

"Ile kubwa," Profesa akasema, na maswali yakaishia hapo.

Akalichukua kopo, akaligeuza, akasukuma miwani juu ya pua. "Vilivyomo huandikwa kwa mpangilio, mama. Kilicho kingi kinatangulia, kilicho kidogo kinafuata. Sasa cha kwanza hiki hapa. Unajua ni nini?"

"Sijui."

"Maji."

"Maji ya nini?"

"Haya haya ya bomba. Umenunua maji, mama, ukapewa na mfuniko wa dhahabu."

Tusimwonee. Huo ulikuwa ukweli mtupu. Profesa alishawahi kuuza losheni bandia kwa miaka miwili, na huwezi kughushi lebo bila kujua inavyoandikwa. Ukweli aliutanguliza mbele ili uongo upate mahali pa kukanyaga.

"Cha pili, glisirini. Kazi yake ni kuvuta maji. Nakuuliza, hewa ikiwa kavu, itayavuta wapi?"

Mama akagusa shavu. "Kwangu?"

"Mimi sijasema. Umesema mwenyewe."

"Jamani! Ndiyo maana nashinda na kiu!"

Kwenye cha tatu Profesa akavua miwani, kwa sababu aliamini habari nzito husemwa macho kwa macho. "Mama, una shamba?"

"Sina."

"Basi hii urea unamwekea nani?"

Saluni nzima ikashika mashavu. Mteja aliyekuwa chini ya kikaushio akatoa kichwa chake chenye moshi. "Urea? Si ile mbolea?"

"Neno hilo sipendi kulitaja mbele ya watu waliokwisha kujipaka," Profesa akasema kwa huzuni kubwa.

Masharti yake yalikuwa ya kiutu. Makopo yaliyokwisha kufunguliwa wabaki nayo, wapakie viatu. Yale ambayo hayajafunguliwa, na wanawake wenye uwezo hununua mawili mawili, hayo ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa gesi bado imo ndani. Hayo angeyachukua yeye akayateketeze maabara, bila malipo, kwa kuwapenda tu. Na ili wasibaki wakavu, angewauzia Zeri ya Maabara, isiyo na tone la maji, glisirini wala mbolea.

"Ina kemikali?" msusi akauliza.

"Dada, mimi nina watoto," Profesa akajibu. Hakuwa na watoto.

Zeri yenyewe aliipika chumbani kwake kwenye sufuria iliyoungua kitako: mafuta ya mgando ya bei ya chini kabisa, kipande cha mafuta ya shea, nta ya nyuki kidogo ili igande vizuri. Akaimimina kwenye vikopo vya bati. Harufu ya moshi wa jiko aliiita "harufu ya asili".

Makopo yaliyokuwa yakienda kuteketezwa yalivuka mji hadi duka la vipodozi la mwanamke ambaye kila mtu alimwita Bimkubwa. Alikuwa mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto, na Profesa alimhesabu kuwa mjinga kuanzia siku ya kwanza.

"Mzigo mzuri," Bimkubwa alisema. "Unautoa wapi?"

"Kwa shemeji yangu. Anaagiza nje."

"Shemeji wa namna hiyo umshike vizuri."

Katika wiki ya pili Bimkubwa alimkaribisha chai nyuma ya kaunta, akamwambia jambo. Alikuwa anazeeka, duka ni kubwa, na anataka mbia. Rafu mpya ile pale, inakula makopo arobaini. Mtu atakayeijaza kwa krimu halisi ataandikiwa nusu ya duka.

Hapo Profesa alikisogeza kikombe chake pembeni. Miaka arobaini na sita alikuwa hajawahi kuwa na mlango ambao mtu angeweza kuugonga na kumkuta. Maisha yake aliyapanga hivyo kwa makusudi, lakini siku hizi magoti yalikuwa yanauma kila alipolazimika kuondoka mtaa kwa haraka. Duka lile lilikuwa na mlango wa kioo, feni, na kiti chenye mto. Alikitaka kile kiti kwa moyo wake wote, na kwa mara ya kwanza alitaka kitu ambacho hangeweza kukikimbia.

Mkataba waliuandika pale pale. Na kwa kuwa tapeli huogopa sana kuonekana tapeli, kifungu kikali kuliko vyote alikiongeza Profesa mwenyewe: "Likionekana kopo moja bandia, mapatano yamevunjika na mzigo wote unabaki dukani."

"Si kali mno hiyo?" Bimkubwa aliuliza.

"Bimkubwa, mimi kwenye uaminifu sina mchezo."

Akatia sahihi kwa kalamu pekee, kati ya zile za mfukoni mwa koti lake, iliyokuwa ikiandika.

Hadi mwisho wa mwezi alikuwa amepita saluni tisa na amepeleka makopo thelathini na manane. Yalibaki mawili, na mawili hayo yakawa hayapatikani. Mji ulikuwa umekwisha kuogopa mbolea. Ndipo msusi wa saluni ile ya kwanza alipomwambia kuna nesi mstaafu, mtaa wa juu, ambaye binti yake humtumia krimu kutoka ng'ambo, na zimejaa kabatini hajazigusa.

Profesa alikwenda mbio. Alimkuta bibi mwembamba sebuleni, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, makochi yamevalishwa vitambaa vyeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa maabara? Afadhali umekuja. Nilikuwa natafuta kiberiti nizichome hizi takataka nyuma ya nyumba."

Juu ya meza yalipangwa makopo sita, yamefungwa plastiki yake, mifuniko ya dhahabu inang'aa. Profesa aliona rafu, akaona kiti, akaona mto wa kiti.

"Usizichome, mama! Moshi wake unapofusha."

"Ehee! Kumbe ningejiua mie. Sasa visigino vyangu hivi nitavipaka nini?"

Akamtolea kikopo cha zeri, bure kabisa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Bibi akakinusa.

"Niandikie vilivyomo. Nilifanya kazi wodini miaka thelathini, sijipaki kitu bila kukijua."

Hapa mtu mwenye akili angeandika uongo. Lakini Profesa alikuwa amehubiri mpangilio wa lebo mwezi mzima, na hakuna mhubiri asiyeipenda sauti yake. Akaandika: mafuta ya mgando, mafuta ya shea, nta ya nyuki. Kingi kwanza, kidogo mwisho.

"Kiasi gani kila kimoja?" bibi akauliza, kwa sauti ya nesi anayejaza kadi ya mgonjwa.

Akataja vijiko.

"Na motoni dakika ngapi?"

Akataja dakika. Hata akamsahihisha alipokosea kurudia. Kisha akabeba makopo yake sita, akamwamkia tena bila sababu, na kuondoka karibu anaimba.

Bimkubwa aliyapokea kwa mikono miwili. Akayapanga kwenye rafu moja baada ya jingine hadi rafu ikajaa, na manne yakazidi. Profesa alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti. Kilikuwa laini kuliko alivyowaza.

"Ngoja nionje moja tu, mbia wangu," Bimkubwa akasema, akachana plastiki. Akachota kwa kidole, akasugua mgongo wa mkono, akanusa. "Hii si krimu."

"Haiwezekani."

"Nusa."

Profesa akanusa. Moshi wa jiko lake ulimpanda puani, ule ule wa sufuria iliyoungua kitako. Ilikuwa zeri yake mwenyewe. Akafungua la pili. Akafungua la tatu. Yote sita.

"Basi mkataba umevunjika," Bimkubwa akasema kwa upole, "kama ulivyoandika mwenyewe kwa mkono wako. Dada, toka uje, tumemaliza."

Kutoka chumba cha nyuma akatokea nesi mstaafu, visigino vinang'aa.

"Dada yangu mkubwa," Bimkubwa akamtambulisha. "Vikopo vyako kavinunua kwa yule msusi aliyekuelekeza kwake, zeri tukaihamishia humu, na plastiki nimeirudisha mimi kwa kikaushio cha nywele." Akachukua kopo moja la zamani, akaligeuza. Chini yake palikuwa na alama ndogo ya wino. "Hii naitia kila kopo linalotoka dukani humu. Ulikuwa unaniletea mali niliyokwisha kuiuza. Wateja wanalipa, wewe unanirudishia. Nikuzuie, kwani mimi nina wazimu?"

"Nitakwenda polisi!"

"Twende wote. Utaandika umeibiwa nini, na ulikitoa wapi."

Profesa akaushika mto wa kile kiti. Akajikuta anakaribia kulia, na hakuwa akiigiza. "Na wale wanawake? Makopo yao?"

"Watayapata," Bimkubwa akasema. "Kwa punguzo."

Nesi alikuwa anamtazama kama mgonjwa aliyekataa sindano. "Kinachoniudhi ni kimoja. Glisirini inavuta maji, urea inalainisha pagumu, na mgando unafunga maji yasitoke. Kila kimoja kina kazi yake. Mtu akijipaka huo mgando wako akitoka kuoga, ngozi bado mbichi, kwa visigino hutaona cha kuushinda. Umewauzia kitu kizuri, mjinga wewe, halafu ukawadanganya bure. Wanakuja hapa kila siku kukiulizia."

"Kwa hiyo tutakipika sisi," Bimkubwa akamalizia. "Mapishi tunayo. Tunachokosa ni mtu wa kusimama mlangoni. Saa mbili kamili asubuhi, chakula cha mchana juu yangu. Useme kilichomo na kazi yake, basi. Ukizidisha neno moja, nje."

Magoti yalikuwa yanamuuma. Kesho yake saa mbili kasoro dakika tano alikuwa mlangoni, bila koti, bila miwani, anatoka jasho.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mwenye kapu la sokoni. Akashika kikopo. "Hii inasaidia nini?"

Profesa akavuta pumzi kuanza, akamwona Bimkubwa kwenye kiti. "Ni mafuta ya mgando," akasema. Maneno yalimkwama kama anasoma lugha ya watu. "Na shea. Na nta kidogo. Yanazuia ngozi isikauke."

"Basi?"

"Basi."

"Hayamfanyi mtu kuwa kijana?"

"Hapana."

Mama akamwangalia usoni. "Nipe vitatu," akasema. "Leo nimekutana na mtu mkweli."

Profesa alivifunga vikopo, akamtazama mama akienda zake, na akajiona mtu aliyeibiwa miaka ishirini ya utapeli, kumbe ukweli nao ulikuwa unauzika.