Kondomu Zilizokaushwa Namtumbo

Jumatatu, 4 Machi 2024
Niwie radhi, shajara. Miezi mitano kimya! Nilikuwa nikifikiri. Sasa nina mpango.
Muuguzi Theodosia atachagua duka moja hapa mtaani liwe kituo cha kugawia kondomu. Mwenye duka atapata kibao chenye jina lake. Cha bati, rangi mbili! Kwa majaribio ametupa boksi mojamoja, mimi na Walburga mwenye duka la ng'ambo ya barabara. Atakagua Alhamisi ya wiki ijayo. Jina la Walburga halitaning'inia mbele ya macho yangu. Kamwe!

Jumatano, 6 Machi
Mvua. Paa linavuja juu ya rafu. Theodosia aliagiza zikae mahali pakavu, pasipo joto. Walburga ameziweka zake kabatini, chini ya khanga. Hana ubunifu.
Mimi ninao. Shemeji Calvin anakausha tumbaku Namtumbo. Majani huingia banini, lile banda lake la moto, teketeke, hutoka imara, yakakaa mwaka mzima. Nimempelekea boksi. Alilifungua, akacheka hadi akakaa chini. Akauliza, "Shemeji, kwa umri huu, zote hizi?" Nikamwamuru azitundike juu ya moto. Akanionya kuwa mpira si jani. Mkulima!

Jumatano, 13 Machi
Nimezirudisha. Kavu ajabu. Zinanukia kiume. Kwaresima hii nimewasamehe wote, isipokuwa Walburga.

Alhamisi, 14 Machi
Aibu! Theodosia alijaza maji kondomu yangu. Ikapasuka. Ya pili ikachanika mkononi kama ganda la kitunguu. Maji yote kwenye suruali yangu ya misa. Ikabidi niungame habari za bani. Ya Walburga ilibeba maji hadi ikawa kama boga. Mwenyewe akaipitisha mbele ya wateja wangu, akiuliza kama mimi, Mzee Remigi, nami nahitaji kukaushwa banini.
Theodosia hakucheka. Alisema mtu angejiona amekingwa, kumbe hana kinga. Mpira huharibiwa na joto, jua, mafuta... Mimi nilikuwa nakamua suruali. Akaagiza zote ziteketezwe. Nikampigia simu Calvin asiguse zile chache alizojibakizia. Akajibu kuwa yeye hana wazimu.

Jumamosi, 16 Machi
Kibao kimetundikwa. WALBURGA. Rangi mbili.
Lakini nimemsihi Theodosia. Mwezi ujao atanijaribu tena kwa boksi jipya. Kosa langu nimeshalijua: ukavu! Ngozi ya kiatu hulainishwa kwa mafuta. Mpira una tofauti gani? Nitazipaka mafuta mojamoja. Bado sijachagua: alizeti au karanga. Nikiamua, nitakuandikia.