Filamu Yangu kwa Bei ya Mbuzi

Jumatatu, 2 Februari

Kosa la wengi ni hili: wanaona shilingi mbili za miaka tofauti, wanadhani ni pacha. Sivyo. Shilingi ya mwaka 1984 ilikuwa mtu mzima mwenye kofia na mkongojo. Ya leo ni mtoto wa chekechea. Huwezi kuwapanga mstari mmoja ukasema mwenye wengi ndiye tajiri.

Josphat Mutinda haelewi jambo hili. Nilimfundisha hesabu mimi mwenyewe, na bado haelewi. Leo amebandika karatasi kwenye mlango wa ukumbi mpya hapa Muthetheni: filamu aliyoonyesha Desemba ilivuna shilingi 41,000, rekodi ya kijiji tangu dunia iumbwe. Watu 205, shilingi mia mbili kila mmoja.

Mimi nilionyesha filamu ya karate mwaka 1984, ndani ya ghala la kanisa, kwa projekta na jenereta vya kukodi. Watu 372, shilingi tano kila mmoja. Jumla 1,860. Josphat aliposikia, akaniambia mbele ya watu: Mwalimu, hiyo leo ni nauli ya Nairobi na chai njiani.

Jumamosi kamati ya ukumbi itaamua rekodi ni ya nani. Picha ya mshindi itatundikwa mlangoni. Yangu nimeshapiga. Fremu pia tayari. Rangi ya dhahabu.

Kalondu, mke wangu, ameuliza kama uji utaingia kwenye hesabu. Siku ile kila mwenye tiketi alipewa kikombe cha uji, na aliyeupika ni yeye. Nimemweleza taratibu kwamba mapato ni kile kinachoingia mlangoni. Uji ulikuwa gharama. Tena gharama ndogo. Akajibu: sawa, Baba Mwelu. Hiyo "sawa" siipendi.

Jumanne, 3 Februari

Somo ni rahisi. Tafuta kitu kilichouzwa zamani na bado kinauzwa. Uliza fedha za zamani zingenunua vingapi. Kisha vinunue vyote tena kwa bei ya leo.

Nimeanza na soda. Wakati ule shilingi tatu: chupa 620. Leo chupa ni hamsini. Jumla 31,000. Josphat ananishinda. Ila soda si kipimo cha watu wazima. Nimeiacha.

Nimejaribu mkate. Jumla 32,550. Nikagundua kwamba mkate wa siku hizi umejaa hewa. Nao nimeuacha, kwa sababu za kisayansi.

Jumatano, 4 Februari

Mbuzi! Nilikuwa nafunga zizi wazo liliponijia. Mwaka ule nilinunua mbuzi kwa shilingi sitini. Kwa hiyo filamu yangu ilivuna mbuzi 31. Leo mbuzi wa kadiri ni 7,500. Jumla shilingi 232,500.

Ya Josphat ni mbuzi watano na nusu. Nusu ya nyuma.

Halafu mbuzi ndiye kipimo chetu. Sijasikia Mkamba aliyelipa mahari kwa soda.

Alhamisi, 5 Februari

Hesabu bila shahidi ni porojo. Nimekwenda Kithimani kumwona Kulmiye, mchuuzi wa mifugo. Mwaka 1984 alikuwa kijana, akizunguka nchi hii na marehemu baba yake wakinunua mbuzi. Nikamuuliza bei. Akasema ndiyo, sitini, na wengine hamsini. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

Nimemwalika Jumamosi. Akauliza: mzee wangu, unataka niseme bei peke yake, au niseme yote? Nikamwambia aseme yote. Shahidi mwema hafichi kitu.

Ijumaa, 6 Februari

Josphat amepata habari za mbuzi. Kwenye mashine ya kusagia unga sasa naitwa Mwalimu Mee. Nimekwenda ukumbini kupima ukuta wa mlangoni. Misumari miwili itatosha.

Jumamosi, 7 Februari

Naandika kwa mkono mzito.

Nilianza vizuri. Nilieleza shilingi, nikaeleza soda, nikaeleza kwa nini si soda. Kavutha, mwenyekiti wetu, aliniomba mara mbili nifike kwenye mbuzi. Nikafika. Thelathini na mmoja. Josphat alikuwa akitazama viatu vyake. Nikamwita Kulmiye.

Kulmiye akasema bei ni kweli. Kisha akawauliza wazee kama wamesahau mwaka ule ulikuwa mwaka gani. Ulikuwa mwaka wa njaa, ile tuliyoiita Nikw'a Ngwete: nitakufa fedha ziko mkononi. Mbuzi walikuwa mifupa iliyovaa ngozi, na kila mtu anauza. Akasema baba yake hakuwa akinunua mbuzi, alikuwa akiwaokota. Ukipima kwa mbuzi wa mwaka ule, hata mwenye kuuza kuni alikuwa tajiri.

Josphat akainuka haraka, akaomba filamu yangu ipimwe kwa mahindi. Mama mmoja nyuma akasema mahindi hayakuwapo dukani kwa bei yoyote. Basi, akasema Josphat, Mwalimu hakuvuna hata punje.

Watu walicheka. Nami nikakaa.

Hapo Kavutha akauliza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Kwa nini tunasumbuka na bei? Mtu ni mtu, wa zamani na wa leo. Tuhesabu vichwa. Wangu 372, wa Josphat 205.

Nilikuwa nimeshinda. Tangu Jumatatu nilikuwa nimeshinda, bila soda, bila mbuzi, bila Kithimani. Nikainuka kushukuru.

Kamene akaniwahi. Huyu ni jirani yetu, na ghalani alikuwapo. Akasema kwa haki filamu haikumbuki, isipokuwa watu waliokuwa wakipiga hewa kama wanaofukuza nzi. Anachokumbuka ni uji. Unga wa manjano wa msaada, mzito, umetiwa sukari. Alitembea tangu alfajiri kwa ajili ya kikombe kile, na mwanawe mgongoni. Kulmiye akasema hata yeye na baba yake walikata tiketi, wakanywa, wakaondoka filamu haijaanza, maana mbuzi walikuwa wakiwangoja.

Kavutha akauliza ni wangapi walikuja kwa ajili ya uji. Mikono ya wazee ikapanda yote. Nilihesabu. Sikupenda jumla.

Ikaamuliwa kwamba rekodi ni ya Kalondu. Josphat ndiye aliyeunga mkono kwanza, tena kwa makofi. Picha ya mke wangu, ile ya harusi ya Mwelu, imetundikwa mlangoni. Fremu yangu imemtosha kabisa. Misumari miwili ilitosha pia.

Njiani nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema aliniambia Jumatatu, nikamwambia ni gharama ndogo.

Jumapili, 8 Februari

Nimelala vizuri na nimetafakari kwa utulivu. Kosa halikuwa hesabu. Kosa lilikuwa kumchagua mnyama anayeliwa.

Leo kanisani nimeutazama ubao wa waliochangia paa. Josphat yuko juu kabisa: shilingi elfu tano, mwaka 2019. Mimi niko chini, karibu na mlango: shilingi hamsini, mwaka 1991. Anayeujua ukweli wa shilingi hawezi kuvumilia ubao kama huo.

Nahitaji kipimo kisichoshuka bei wakati wa njaa. Punda! Kwetu punda haliwi. Nakumbuka kwamba mwaka 1991 walikuwa rahisi mno, ingawa sababu siikumbuki, na haina haja.

Kalondu ameniletea uji. Ameuliza ninaandika nini. Nimesema hesabu ndogo tu. Akasema sawa.

Kazi ya leo: mpigie Kulmiye simu, umuulize bei ya punda mwaka 1991.