Baiskeli Inayoitikia Shikamoo

Jumatatu, 9 Septemba 2024. Masasi.

Leo siku ya ishirini na nane tangu tumzike mjomba Nambunga kule Newala. Zimebaki kumi na mbili kufika arobaini. Nimehesabu mara mbili. Mimi ni karani wa mizani wa chama cha korosho, na kazi yangu ni kutoiamini hesabu ya kwanza.

Siku ya arobaini jina la mjomba litarithishwa. Kwetu jina haliendi kwa mtoto, linakwenda kwa mpwa. Wapwa tuko wawili. Mimi, Sadallah: miaka arobaini na moja, kidato cha nne, mwandiko mzuri. Na Lukmani, mtoto wa mama mdogo: miaka ishirini na tisa, dereva wa bodaboda, mwandiko wake sijawahi kuuona.

Atakayepewa jina ndiye Nambunga mpya. Wapwa watamwita mjomba. Watoto wa marehemu watamwita baba. Yaani Khalfan! Mtoto mkubwa wa mjomba, binamu yangu na mtani wangu, aliyenicheka tangu tulipokuwa jandoni, atanipa shikamoo kila tukikutana. Nimefanya mazoezi ya kusema marahaba mbele ya kioo. Inatoka vizuri, ila nipunguze kutabasamu.

Mwamuzi ni mama mkubwa Sikuzani, dada wa marehemu. Amesema kwenye simu kwamba jina litamfuata anayepita alimopita ndugu yake. Nani asiyejua alimopita? Barabara ya Masasi hadi Newala, kilima chote kile, juu ya baiskeli yake ya alumini, bila kushuka, akipiga mluzi. Iliibwa mwaka 2003 na hakupanda nyingine tena. Nitaingia Newala siku ya arobaini juu ya baiskeli kama ile.

Lukmani ana pikipiki. Basi kwisha habari yake.

Jumanne, 10 Septemba.

Nimeandika sifa za baiskeli inayotakiwa. Iwe ya alumini. Iwe ya zamani, zile walizokuja nazo wazungu wa safari ndefu, usukani umejikunja kama pembe za kondoo. Iwe ya bei ya mtu anayesubiri mnada wa korosho uanze. Na iwe inaitikia.

Hili la mwisho ni la mjomba mwenyewe. Alikuwa akisema baiskeli ya chuma ukiipa shikamoo ya mguu leo, marahaba yake utaisikia kesho. Ya alumini hujibu kabla hujamaliza kuinama.

Fundi Yassini wa baiskeli ameniambia alumini halisi hainaswi na sumaku. Sumaku sina. Nimefungua redio yetu na kuing'oa ya kwenye spika. Shamila, mke wangu, ameuliza mbona redio imenyamaza. Nimemwambia nchi imetulia, hakuna habari.

Alhamisi, 12 Septemba.

Siku mbaya. Naiandika kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Siku mbili nimezunguka mji huu na sumaku mkononi. Baiskeli thelathini na saba nimezigusa. Zote zimenasa, isipokuwa ya mwisho. Mama mmoja muuza mihogo amewaambia wenzake mimi natia dawa kwenye baiskeli za watu, na mwenye ya thelathini na sita amenifukuza hadi msikitini.

Ya thelathini na saba ilikuwa na mzee mmoja, imeegemezwa kwenye jiwe. Imezungushiwa raba za tyubu kuanzia usukani hadi nyuma. Nimeweka sumaku. Imeanguka chini! Nimeweka tena. Imeanguka tena! Nimepiga kelele "Alumini!" mbele ya watu wote wa stendi. Nimemshika mzee mkono, nimemwambia anaketi juu ya mali na hajui.

Nyuma yangu nikasikia kicheko ninachokijua. Khalfan. Akamwomba mzee ruhusa, akachomoa kisu, akakata raba kidogo tu. Ndani: chuma, tena chenye kutu kama cha reli. Khalfan akawaambia watu kwamba hata yeye akivaa koti sumaku haimshiki, sasa binamu yake atamwita alumini.

Watu walicheka sana. Mzee naye alicheka, na hana meno.

Kibaya zaidi, Khalfan amejua natafuta nini. Ameniambia nikiipata nimjulishe, maana arobaini inakuja na mtani hali pilau tu.

Jumamosi, 14 Septemba. Lupaso.

NIMEIPATA!

Fundi Yassini alisikia kuna mama huku, Bibiana, ana baiskeli "nyepesi kama njaa". Nimefika saa tatu. Iko bandani, kuku watatu wamelala juu ya fremu. Msafiri mmoja wa Ulaya aliugua malaria hapa mwaka 1988, akapelekwa hospitali, asirudi kuichukua. Bibiana anasema haifai kitu. Haibebi gunia, gurudumu jembamba kama kipepeo wa mwezi wa tano, na mchomeleaji alipotaka kuitia keria fremu ilitaka kuyeyuka.

Nikaweka sumaku. Hakuna raba, hakuna rangi. Ikateleza kama machozi! Nikajifanya sina haja. Nikakohoa. Nikasema labda inafaa kwa vipuri.

Bibiana akasema hela hataki, anataka redio, ajue bei ya korosho mwenyewe asidanganywe na makarani. (Sikujitambulisha.) Nikarudi Masasi, nikaichukua redio, nikaja nayo. Akaiwasha. Kimya. Akanitazama. Ikabidi nitoe sumaku mfukoni, niirudishe kwenye spika mbele yake, huku ananiuliza redio yangu huwa inatembea na moyo wake mfukoni mwangu tangu lini.

Ikaongea. Tukashikana mikono. Shamila nimempigia kumwambia redio imekwenda kwa fundi.

Jumapili, 15 Septemba. Masasi.

Nimerudi nimeipanda mwenyewe. Kukanyaga mara moja tu! Haikuniuliza ninataka nini. Ilikwisha kwenda. Kwenye mteremko nilipiga mluzi wa mjomba nikameza mdudu. Sikushuka.

Jioni nimeingia nayo ghalani na kuipima kwenye mizani ya chama. Fremu na usukani, bila magurudumu: kilo mbili na gramu mia tatu. Mtoto mchanga wa baiskeli!

Jumatatu, 16 Septemba.

Khalfan amepita nyumbani. Amekunywa chai yangu. Amesema amesikia kuna kitu kimetoka Lupaso, na amenikumbusha sheria: siku ya arobaini mtani anaweza kunyakua chochote cha mfiwa, na mfiwa akikunja uso mbele ya wazee ni aibu ya ukoo mzima. Atakomboa, na acheke. Amesema anajiona kabisa juu ya baiskeli, anazunguka uwanja wa Mama Sikuzani mara saba.

Sikulala mchana.

Mpango huu hapa. Nimefungua baiskeli yote. Magurudumu chini ya kitanda. Kengele mfukoni. Fremu, usukani na vikorombwezo nimevitia kwenye gunia la korosho, nikalitupa nyuma ya choo pamoja na mabati. Nitaifunga upya Ijumaa usiku, niingie Newala nayo, na jina likishatamkwa Khalfan hatathubutu kumnyang'anya baba yake.

Ili siri isivuje, Shamila nimemwambia kwenye gunia ni takataka, vyuma chakavu, hata bure mtu hachukui. Ameniuliza mara mbili kama nina hakika. Nimeapa.

Huu ndio uongo wangu bora kabisa.

Jumatano, 18 Septemba.

Shwari. Nimeshinda ghalani kukagua mizani. Nimerudi nikakuta Shamila ana sufuria mpya, kubwa, inang'aa, ya kupeleka Newala kupikia shughuli. Imetengenezwa na fundi Sharifu wa sokoni, anayeyeyusha na kumimina kwenye mchanga. Nimeisifu. Nimeigonga kwa kidole, ina mlio mzuri. Nimemwambia mke mwenye mipango ni baraka.

Sikuuliza zaidi. Mwanamume hahojihoji mambo ya jikoni.

Ijumaa, 20 Septemba.

Gunia halipo.

Naandika tena ili niamini. Gunia halipo.

Shamila yuko mlangoni, amevaa, anasubiri gari la Newala na wenzake. Anasema Jumanne alipita mtu wa vyuma chakavu. Akakumbuka kiapo changu. Yule mtu akafurahi sana, akamwambia hivi si chuma, hivi ni vya sufuria, wala asimpe yeye, avipeleke mwenyewe kwa Sharifu amtengenezee. Mtu mwaminifu! Mji wote huu una mtu mmoja mwaminifu na amepita kwangu!

Nimeichukua sufuria nikakimbia nayo ghalani. Nimeiweka kwenye mizani.

Kilo mbili na gramu mia mbili.

Nimekaa sakafuni. Gramu mia zimeliwa na moto.

Shamila amekuja kuichukua, gari linapiga honi. Ameuliza kwa nini naikumbatia. Nimesema harufu ya upya.

Jumamosi, 21 Septemba. Newala.

Alfajiri nilikwenda kwa Sharifu kumwuliza kama alumini iliyomiminwa inaweza kurudi ilivyokuwa. Alinipa maji ya kunywa. Nilipotoka, basi lilikuwa limeondoka.

Nikasimama barabarani na magurudumu mawili, moja kila bega. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Akatokea Lukmani na pikipiki yake. Alikuwa ameshuka kutoka Newala kufuata mchele uliosahaulika stendi. Akanipa shikamoo, maana bado ana adabu. Akanipandisha nyuma, juu ya mchele. Kile kilima nimekipanda nimeinua magurudumu juu kama mabawa. Akina mama waliokuwa wanaanika mihogo waliacha kazi.

Dua ilisomwa. Pilau ilitoka kwenye ile sufuria. Nilikula kidogo sana, kwa heshima. Kisha Mama Sikuzani akasimama.

Akasema mabomba ya Newala yamekauka wiki nzima. Akasema marehemu ndugu yake, kila kiangazi, aliteremka bondeni chini ya ukingo kumtekea maji, akapanda na madumu, miaka yote, na baiskeli ilipoibwa alikwenda kwa miguu. Humo ndimo alimopita. Na wiki hii nani ameteremka bondeni mara kumi na moja? Akamshika Lukmani mkono. Akatamka jina.

Bondeni! Mimi nilipiga hesabu ya barabara nzima, bonde sikuliandika hata mahali pamoja.

Vigelegele. Khalfan akawa wa kwanza kuinama: "Shikamoo, baba." Kumbe kwake halikuwa neno zito. Kisha Mama Sikuzani akanitazama mimi. Watu wote wakanitazama. Nikiwa bado na gurudumu moja begani, nikamwambia mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu:

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," akasema. Hata hakufanya mazoezi. Ilitoka vizuri kuliko yangu.

Hapo Khalfan akainyakua sufuria, akaivaa kichwani, akakimbia uwanja mzima akiliza kengele kwa mdomo, kring kring! Watu hoi. Akasema Shamila ameshamsimulia habari ya gunia na Sharifu, na baiskeli hii ni nzuri ila haina magurudumu. Nikacheka. Sheria ni sheria. Nilicheka mpaka Mama Sikuzani akaniuliza kama naumwa. Ukombozi aliotaka: magurudumu yote mawili. Anataka kuanikia dagaa.

Nikampa. Sufuria imerudi.

Jumatatu, 23 Septemba. Masasi.

Mjomba (ana miaka ishirini na tisa) amepiga simu kuuliza kama nimefika salama. Nimeitikia kwa adabu. Ameniambia nikiwa na shida yoyote nimweleze, yeye ni mkubwa wangu. Nimeshukuru.

Shamila anasema sufuria haina mfano. Ukiiweka motoni tu, maji yanachemka kabla hujageuka. Najua. Nimemwambia kwamba marehemu mjomba alishasema hivyo. Ameniuliza pia redio itatoka kwa fundi lini.

Nimetafakari sana kosa lilikuwa wapi. Jibu ni moja: maficho. Mpango wenyewe haukuwa na dosari.

Sasa: fundi Yassini amesikia iko nyingine Tandahimba. Alumini, usukani wa pembe za kondoo, mwenye nayo anataka mbuzi. Shamila ana mbuzi. Jina la Nambunga limekwenda, sawa, lakini hitima ya mwaka ipo, na siku hiyo nitaingia Newala nikipiga mluzi, na wazee wataona walichokosa. Nimewauliza wawili kama jina lililotolewa hurudishwa. Wamesema haijatokea. Nimeandika: "Bado."

Khalfan atainusa, najua. Atatafuta chini ya kitanda, nyuma ya choo, ghalani. Kwa hiyo safari hii haitakaa kwangu kabisa. Nimekwisha kuzungumza na Sharifu, fundi sufuria. Mtani gani mwenye akili atakwenda kutafuta baiskeli ya alumini pale?

Nimemwomba aiweke karibu na tanuri, isipate unyevu.